Sheria ya dawa za kulevya: Kwa nini dagaa hunaswa, papa akapita?

MWISHONI mwa Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Shehena hiyo, iliyonaswa kati ya Desemba 5 na 23, ilikuwa imefungashwa kwenye pakiti zenye alama za bidhaa za kahawa na chai. Kamishna Jenerali wa Mamlaka hiyo, Aretas Lyimo, alieleza kuwa kiasi kikubwa namna hiyo cha dawa za viwandani hakijawahi kukamatwa katika historia ya nchi.

Habari hiyo ilipokewa kwa namna mbili. Wapo waliopongeza vyombo vya dola kwa kazi kubwa. Wapo pia waliojiuliza: ikiwa zaidi ya tani tatu zimekamatwa katika muda usiozidi wiki tatu, ni kiasi gani kimekuwa kikipita bila kuonekana, na sheria iliyotungwa tangu mwaka 1995 imekuwa ikimzuia nani?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ukali wa adhabu peke yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye adhabu kali kwa makosa haya. Ili kuelewa kwa nini biashara hii inaendelea, ni lazima kufuatilia safari nzima ya dawa hizo, kutoka shambani hadi mahakamani, na kutazama mahali ambapo sheria hufika na mahali ambapo haifiki.

Njia ya baharini

Sehemu kubwa ya heroini inayopita Afrika Mashariki hutoka Afghanistan. Husafirishwa hadi pwani ya Makran, eneo linalogawanywa kati ya Iran na Pakistan, na huko hupakiwa kwenye majahazi ya injini yanayovuka Bahari ya Hindi kuelekea pwani za Kenya, Tanzania na Msumbiji. Wataalamu huiita njia hiyo kuwa ni ya kusini, kwa kuitofautisha na ile ya nchi kavu inayopita Uturuki na nchi za Balkani kuelekea Ulaya.

Njia hii ina majira yake. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na vyombo vidogo hupungua. Kaskazi inapoanza kuvuma, majahazi hurudi baharini, na ndipo taarifa za shehena kukamatwa huongezeka. Utaratibu huo wa pepo ndio uliotumiwa kwa karne nyingi na wafanyabiashara wa tende, mangrovi na viungo. Wasafirishaji wa unga hawakugundua njia mpya. Walipakia mzigo mwingine kwenye njia ya zamani.

Majahazi hayo mara nyingi hayafungi gati bandarini. Hutia nanga mbali na pwani, na boti ndogo huenda kupokea mzigo usiku. Kwa nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, yenye vijiji vya wavuvi, mikoko na bandari bubu nyingi, kulinda kila upenyo ni kazi isiyowezekana kwa doria peke yake.

Ipo pia mipaka ya kisheria. Mamlaka kamili ya nchi kukamata na kushtaki huishia kwenye bahari ya ndani na eneo la maili 12 za baharini kutoka pwani. Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi lililokuwa takribani maili 27 mashariki ya Mombasa, yaani nje ya mpaka huo. Katika operesheni za kimataifa za namna hiyo, wanamaji huruhusiwa kuteketeza dawa, lakini kwa kawaida hawana mamlaka ya kuwafungulia mashtaka mabaharia. Mzigo huzama, chombo na watu wake huendelea na safari.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya umejaribu kuziba pengo hilo kwa kuzitaka nchi zishirikiane, na kuruhusu chombo kikaguliwe kwa idhini ya nchi ambayo bendera yake inapepea juu yake. Lakini majahazi mengi ya biashara hii hayana bendera wala hati za usajili, na kuiomba idhini nchi isiyojulikana ni jambo lisilo na mwisho.

Sheria ya 1995 na mapengo yake

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Dawa za Kulevya, Namba 9 ya mwaka 1995, kwa kufuata misingi ya mikataba mitatu ya kimataifa: ule wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, wa mwaka 1971 kuhusu kemikali zinazoathiri akili, na huo wa mwaka 1988. Sheria hiyo iliunda Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya.

Mapengo mawili yalijitokeza mapema. La kwanza lilikuwa katika adhabu. Kwa kosa la kusafirisha au kuuza, sheria ilimpa hakimu au jaji nafasi ya kuchagua: faini ya Sh milioni 10 au mara tatu ya thamani ya dawa zilizokamatwa, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Kwa mwenye fedha, neno "au" lilikuwa mlango. Faini kubwa kwa mtu wa kawaida ilikuwa gharama ya kufanya biashara kwa tajiri wa unga. Marekebisho ya mwaka 2012 yalilenga kuubana mlango huo.

Pengo la pili lilikuwa katika Tume yenyewe. Kama jina lake lilivyoonyesha, kazi yake ilikuwa kuratibu. Haikuwa na mamlaka ya kukamata, kupekua wala kupeleleza. Kazi hizo zilibaki kwa Jeshi la Polisi, Forodha, Uhamiaji na vyombo vingine, na kila kimoja kilikuwa na wakubwa wake, bajeti yake na vipaumbele vyake.

Julai 2013 lilitokea tukio lililofichua pengo la tatu. Wanawake wawili wa Kitanzania walikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa OR Tambo, Afrika Kusini, wakiwa na mabegi yenye mzigo wa kilo zipatazo 150, baada ya kusafiri kutoka Dar es Salaam. Nchini, taarifa za mwanzo zilizua taharuki: mabegi mazito kiasi hicho yalipitaje uwanja wa ndege wa kimataifa? Agosti mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliagiza watumishi kadhaa wa uwanja huo waondolewe kazini.

Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa mzigo ule ulikuwa efedrini, ambayo hutumika kutengeneza dawa za binadamu, lakini pia ni malighafi ya methamfetamini. Kwa lugha ya kitaalamu, hiyo ni kemikali bashirifu. Kesi iliyoanza kwa kishindo ikaishia kwa mmoja kuachiwa huru na mwingine kulipa faini.

Wananchi wengi waliona kuwa kuna mchezo umechezwa. Kisheria, hata hivyo, mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa heroini wakati mkononi mwake kulikuwa na efedrini. Tukio hilo lilionyesha kuwa biashara ilikwisha kubadilika. Badala ya kusafirisha dawa iliyo tayari, mtu anaweza kusafirisha malighafi halali kwa nyaraka za dawa za hospitali, kisha mpishi akamalizia kazi kwingine.

Meno mapya ya 2015 na 2017

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, iliifuta ile ya 1995 na kuunda DCEA. Tofauti na Tume, chombo hiki kilipewa mamlaka ya kupeleleza, kupekua na kukamata. Kemikali bashirifu ziliingizwa kwa uwazi zaidi katika makosa makubwa. Sheria ilimgusa pia anayefadhili biashara, anayetoa nyumba, shamba au chombo cha usafiri, na ikaruhusu kutaifishwa kwa mali zilizotokana na biashara hiyo. Utendaji ulianza kushika kasi baada ya Rais John Magufuli kumteua Rogers Siyanga kuwa Kamishna Jenerali, Februari 2017.

Mwaka huohuo Bunge lilifanya marekebisho yaliyopanga adhabu kwa kufuata uzito. Kwa dawa kama heroini na kokeini, anayepatikana na hatia ya kusafirisha zaidi ya gramu 200 hukabiliwa na kifungo cha maisha. Kwa gramu 200 au pungufu, adhabu iliyowekwa ni kifungo cha miaka 30. Kiasi hicho ni pungufu ya robo kilo ya sukari inayopimwa dukani. Bangi na mirungi zimewekewa viwango vyake, vinavyohesabiwa kwa kilo. Aidha, mshtakiwa hapewi dhamana pale uzito unapofikia kiwango kilichotajwa na sheria.

Msomaji anapaswa kuzingatia neno moja. Katika sheria hii, "kusafirisha" hakumaanishi kubeba mzigo kutoka mji mmoja hadi mwingine tu. Tafsiri yake ni pana: inajumuisha kununua, kuuza, kugawa na kuhifadhi. Kwa hiyo kijana aliyekamatwa kijiweni akiwa na kete chache anaweza kushtakiwa kwa kupatikana na dawa, ambalo ni kosa lenye adhabu nafuu, au kwa kusafirisha, ambalo ni miaka 30. Umbali kati ya makosa hayo mawili hutegemea maelezo ya askari, mazingira ya ukamataji na namna hati ya mashtaka ilivyoandikwa.

Hapo ndipo ukali wa sheria unapokuwa upanga wenye makali pande zote. Unamtisha muuzaji, lakini pia unampa nguvu kubwa yule anayeandika hati. Pale ambapo tofauti kati ya miaka michache na miaka 30 inaamuliwa na neno moja, kishawishi cha rushwa hukua kwa kiasi hichohicho.

Kesi hushindwa wapi?

Malalamiko ya kawaida mitaani ni kwamba "wauza unga wanaachiwa". Mara nyingi sababu iko kwenye safari ya kielelezo, na wala si katika moyo wa jaji.

Utaratibu unataka upekuzi ufanyike mbele ya shahidi huru, kwa mfano mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Vitu vilivyokutwa huorodheshwa kwenye hati ya ukamataji inayosainiwa na mtuhumiwa, askari na shahidi. Kielelezo hufungwa, huwekwa lakiri na alama, hukabidhiwa kwa mtunza vielelezo, kisha hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya kupimwa uzito na kuthibitishwa aina yake. Baada ya hapo hurudishwa kuhifadhiwa hadi siku ya ushahidi.

Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha mfululizo wa mambo tangu kielelezo kinapokamatwa, kinapotunzwa, kinapohamishwa, kinapochunguzwa hadi kinapofikishwa mahakamani. Lengo ni kuondoa shaka kwamba kitu kilichoonyeshwa kortini si kile kilichokamatwa. Baadaye mahakama hiyo ilieleza kuwa ulegevu kidogo unaweza kuvumilika kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa. Unga mweupe ndani ya mfuko si kitu cha namna hiyo. Unaweza kupunguzwa, kuchanganywa au kubadilishwa na unga wa mhogo bila macho kutambua.

Kwa sababu hiyo, saini moja iliyokosekana, uzito unaotofautiana kati ya hati mbili, au siku tatu ambazo hakuna anayeweza kueleza kielelezo kilikuwa wapi, vinaweza kuangusha kesi ya mamilioni. Jaji anayemwachia mshtakiwa katika mazingira hayo anamlinda pia raia asiye na hatia ambaye kesho anaweza kuwekewa kete mfukoni. Kadiri adhabu inavyokuwa kubwa, ndivyo uthibitisho unavyopaswa kuwa imara.

Kuundwa kwa Divisheni ya Mahakama Kuu inayoshughulikia makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, mwaka 2016, kulilenga kuharakisha mashauri makubwa, yakiwamo ya dawa za kulevya. Hata hivyo, mshtakiwa asiye na dhamana hukaa mahabusu wakati wote upelelezi unapoendelea. Kwa aliyekosewa, muda huo ni adhabu ambayo hakuna hukumu inayoweza kuurudisha.

Papa haguswi na mzigo

Sababu kubwa ya wakuu wa biashara kukwepa mkono wa sheria ni rahisi: sheria inapima gramu, na mkubwa hashiki gramu. Kati yake na mzigo wapo mpokeaji wa pwani, mwenye ghala, dereva, mgawaji na muuzaji wa kijiweni. Kila mmoja hujua mtu mmoja wa juu yake na mmoja wa chini. Anayekamatwa na mfuko ndiye anayeonekana kuwa mwenye mali.

Kumfikia mkubwa kunahitaji kufuata fedha badala ya mfuko. Tanzania ilitunga Sheria ya kudhibiti fedha haramu mwaka 2006, na biashara ya dawa za kulevya ni mojawapo ya makosa yanayohusishwa na utakatishaji. Lakini katika uchumi ambao nyumba, magari na mashamba hununuliwa kwa fedha taslimu, na mali huandikishwa kwa jina la shangazi au mtoto mdogo, kuunganisha jengo la ghorofa na jahazi lililotia nanga miaka mitano iliyopita ni kazi ya uhasibu ya miezi mingi.

Mfano wa Kenya unaeleza vyema. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, ambao baba yao aliuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwaka 2000, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani. Kwa zaidi ya miaka miwili shauri la kuwapeleka huko liliahirishwa mara kwa mara huku wao wakiwa nje kwa dhamana. Januari 2017 walisafirishwa hadi New York. Oktoba 2018 walikiri makosa, ikiwamo kuzuia haki isitendeke kwa kuwahonga maofisa nchini mwao. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 Januari 2020.

Ushahidi uliowatia hatiani ulitokana na mazungumzo yaliyorekodiwa na watu waliojifanya wanunuzi. Hakuna aliyewakuta wamebeba mfuko begani. Mwaka huohuo wa 2017, Tanzania nayo iliwakabidhi kwa Marekani watuhumiwa waliokuwa wakitafutwa na nchi hiyo kwa biashara ya heroini.

Njia nyingine iliyojaribiwa ni kutaja majina hadharani. Februari 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza orodha za watu waliotakiwa kuripoti polisi, wakiwamo wasanii, askari, wafanyabiashara na wanasiasa. Hatua hiyo iliamsha mjadala mkubwa. Waliounga mkono walisema ukimya umewalinda wakubwa kwa miaka mingi. Waliopinga walikumbusha kwamba Katiba, katika ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika hatia yake. Baadhi ya waliotajwa hawakuwahi kufikishwa mahakamani kwa biashara hiyo. Jina lililotajwa bila ushahidi humchafua asiyehusika, na humtahadharisha anayehusika ahamishe mali zake mapema.

Punda na barua za gerezani

Chini kabisa ya ngazi hiyo wapo wanaoitwa punda. Hawa humeza kete zilizofungwa kwa nailoni au hubeba mabegi yenye sehemu za siri, kwa ahadi ya malipo na safari ya nje. Kete moja ikipasuka tumboni, kifo huja kwa saa chache. Akikamatwa, humkabili hakimu wa nchi asiyoijua lugha yake. Katika China, baadhi ya makosa haya hubeba adhabu ya kifo.

Mwaka 2013, Padri John Wotherspoon, mlezi wa kiroho wa wafungwa huko Hong Kong, alianza kuchapisha mtandaoni barua za wafungwa kutoka Tanzania na nchi nyingine. Waandishi wa barua hizo walieleza namna walivyoshawishiwa na kuwasihi vijana wa nyumbani wasikubali kutumwa. Padri huyo alifika pia nchini kuhamasisha familia.

Umuhimu wa kampeni hiyo ulikuwa katika kulenga mahali ambapo sheria haifiki kwa urahisi. Kijana anayekubali kuwa punda hafikirii gramu 200 wala kifungo cha maisha. Anafikiria kodi ya chumba, deni la harusi au mtaji alioahidiwa. Barua ya mtu wa mtaa wake aliye kifungoni ilimfikia kwa lugha ambayo Gazeti la Serikali haliwezi kuizungumza. Kwa tajiri, punda ni hasara iliyokwisha kuhesabiwa. Anapokamatwa mmoja, hutafutwa mwingine.

Mateja: wahalifu au wagonjwa?

Nchi ya kupitisha dawa haibaki kuwa ya kupitisha tu. Wapokeaji wa pwani mara nyingine hulipwa kwa mzigo badala ya fedha, na mzigo huo hutafuta wanunuzi hukuhuku. Ndivyo heroini ilivyotoka bandarini ikaingia maskani za Kinondoni, Temeke, Tanga, Unguja na Mombasa. Kuenea kwa matumizi ya sindano katika miaka ya 2000 kuliongeza tatizo la pili: maambukizi ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini kwa kuchangia sindano.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na kuifanya Tanzania kuwa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara kuanzisha huduma hiyo kwa mfumo wa umma. Baadaye huduma ilifika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, na Zanzibar nayo ikaanzisha ya kwake, pamoja na nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliowahi kuwa watumiaji.

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, bila kumpa mtumiaji ulevi anaoutafuta kijiweni. Anayeinywa asubuhi hana sababu ya kukwapua pochi mchana ili apate fedha ya kete. Ugumu wake ni kwamba lazima afike kituoni kila siku, na anayeishi mbali na kituo hutumia nauli na muda ambao ungemwezesha kufanya kazi.

Ugumu mwingine ni wa kisheria. Mtumiaji anayeelekea kituoni bado ni mtu aliyetenda kosa, kwa kuwa kutumia dawa za kulevya ni jinai. Msako unapopita mtaani, anayekimbilia tiba na anayeuza hukimbia kwa pamoja. DCEA imepewa na sheria wajibu wa kupunguza uhitaji na kusimamia tiba pamoja na kukamata. Namna wajibu huo wa pande mbili unavyotekelezwa mtaani hutegemea kama askari wa zamu anamwona teja kuwa mgonjwa au hesabu ya kujaza kwenye taarifa ya mwezi.

Marufuku inayotofautiana mpakani

Mjadala kuhusu marufuku yenyewe nao umekuwa ukibadilika duniani. Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika jedwali la dawa zinazodhibitiwa kwa ukali wa juu kabisa chini ya mkataba wa 1961, kwa kutambua matumizi yake ya tiba. Mwaka 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Tanzania imeendelea kuipiga marufuku, na mashamba yake yameendelea kufyekwa katika maeneo kama Arumeru na Tarime.

Mirungi huonyesha kitendawili hicho kwa karibu zaidi. Huko Meru nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na serikali. Katika milima ya Same, mkoani Kilimanjaro, mkulima wa jani lilelile ni mhalifu. Mpaka ambao mbuzi huuvuka bila pasipoti hugeuza mzigo halali kuwa jinai, na tofauti ya bei iliyopo kati ya pande mbili huwa mshahara wa magendo.

Mvutano huu unaonyesha tatizo la msingi la marufuku yoyote. Inapofanikiwa kupunguza bidhaa sokoni, bei hupanda, na bei inapopanda huwavuta wengine kuingia. Njia moja ikibanwa, mzigo hutafuta nyingine; msako ulipokaza Tanzania baada ya 2017, kaskazini mwa Msumbiji palizidi kutajwa kuwa mlango wa heroini. Hata pale mmea wenyewe unapodhibitiwa, mambo hayaishi. Utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, na eneo lililolimwa Afghanistan likaporomoka kutoka hekta 233,000 hadi 10,800 mwaka 2023. Lakini methamfetamini haihitaji shamba la afyuni, na katika shehena ya Desemba 2023 iliyotajwa mwanzoni, zaidi ya theluthi mbili ilikuwa methamfetamini.

Hakuna kati ya haya linalomaanisha kwamba sheria ni kazi bure. Bila sheria, mzigo uliokuwa kwenye pakiti za chai ungefika kwa watoto wa shule. Linalojitokeza ni kwamba kuongeza miaka ya kifungo kumekuwa njia rahisi kuliko kulipa wakaguzi wa fedha, kuwalinda mashahidi, kuweka mizani isiyotiliwa shaka na kufungua kituo cha methadoni karibu na anakoishi mgonjwa. Tangu 1995 adhabu zimekazwa mara tatu. Anayekutwa na mfuko bado ni yuleyule wa chini, na anayengoja simu ya kuambiwa mzigo umefika bado hajashika kitu.